Vyungu vya Kienyeji na Historia ya Miji ya Pwani

Katika mwaka 1955 Sir Mortimer Wheeler, mtaalamu Mwingereza wa mambo ya kale, aliizuru pwani ya Tanganyika. Aliyoyaona kati ya Dar es Salaam na Kilwa yalimstaajabisha, kwa kuwa vigae vya Kichina vilizagaa mchangani kwa wingi ambao hakupata kuuona mahali pengine. Akatoa neno ambalo limerudiwa mara nyingi tangu siku ile, nalo kwa maana ni hili, kwamba tangu karne ya 10 historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini imeandikwa kwa kauri ya Uchina.

Neno hilo lina ukweli wake. Matanuri ya Uchina yanajulikana, na mitindo yake ilibadilika zama kwa zama, hata kigae kimoja cha rangi ya kijani kutoka Longquan chaweza kumpa mchimbuzi tarehe ya tabaka zima la udongo. Kwa hiyo kauri ilimfaa mchimbuzi kama vile sarafu inavyomfaa. Lakini mtu akichimba shimo Kilwa, au Gedi, au Unguja Ukuu, kwa kila kigae kimoja kilichotoka ng'ambo atatoa vingi vya vyombo vyekundu au vyeusi visivyong'aa, vyenye chembe za mchanga ndani yake na masizi upande wa nje. Katika miji mingi ya pwani vigae vya kigeni havifiki hata kumi katika mia. Vilivyosalia ni kazi ya wafinyanzi wa hapa hapa, vilivyochomwa kwa kuni uwanjani, karibu na mahali vilipotumiwa na vilipovunjikia. Kwa muda mrefu vigae hivyo havikuulizwa swali lolote la maana. Vilipoanza kuulizwa, jibu lake liligeuza habari ya asili ya miji yenyewe.

Ili msomaji aupime ushahidi huu, yafaa kwanza aifahamu kazi ya mfinyanzi, na hasa kazi ya moto.

Udongo wa mfinyanzi haufai kutumiwa mtupu. Ukiwa mtupu hunywea mno unapokauka, na motoni hupasuka. Kwa hiyo huchanganywa na mchanga, au na vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa, na kadiri ya mchanganyiko huo haiandikwi popote. Hupimwa kwa vidole. Chungu hujengwa kwa mikono, bila ya gurudumu. Wako wafinyanzi wanaopanga mikunjo ya udongo mmoja juu ya mwenziwe, na wako wanaoanza na donge moja, wakalitoboa katikati na kulivuta juu. Wengine hulikalisha donge juu ya kitako cha chungu kilichovunjika, wakakizungusha kwa mkono kadiri kazi inavyoendelea. Kisha ukuta wa chungu hukwanguliwa kwa kipande cha kibuyu au kwa kombe la pwani, shingo hutiwa nakshi, uso husuguliwa kwa kokoto laini, na chombo huachwa kivulini siku kadha wa kadha. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mfinyanzi angeongeza kwamba kuuharakisha kukauka ni kuupoteza vile vile.

Kazi hiyo ya siku nyingi huamuliwa kwa muda wa saa moja au mbili. Joko la hapa kwetu kwa kawaida si jengo la matofali. Ni mahali tu, shimo la kina kifupi au uwanja mtupu. Kuni hutandazwa chini, vyungu hupangwa juu yake, huzungushiwa kuni nyingine, kisha hufunikwa kwa manyasi, au makuti, au makumbi ya nazi, kadiri ya vitu vipatikanavyo. Moto wa namna hii hupanda upesi sana, na mara nyingi hufika baina ya digrii 600 na 900 za Selsiasi. Maji yaliyosalia katika udongo hayana budi kutoka polepole. Yakigeuka mvuke kwa ghafula chungu hupasuka kwa kishindo na kuwavunja jirani zake. Joto likipita digrii 500 hivi, maji mengine, yale yaliyoshikamana na asili ya udongo wenyewe, nayo huondoka, na tangu hapo udongo hauwezi tena kurudi kuwa tope.

Mfinyanzi mzoefu hana kipimo cha joto. Hutazama moshi: ukiwa mweupe na mzito hujua kwamba unyevu haujaisha, wala hathubutu kuchochea. Hutazama wekundu wa vyungu ndani ya makaa, na kwa sababu hii wengine hupenda kuchoma jioni, jua linapokwisha nguvu. Huchagua saa isiyo na upepo, maana upepo hupeleka moto upande mmoja na kuacha mwingine mbichi. Chungu kikisha kupoa hukigonga kwa kidole. Kikilia ni kizima, kikitoa sauti iliyofifia kina ufa, ijapokuwa jicho halijauona. Mambo haya hujifunzwa kwa miaka, na malipo ya makosa ni vyungu vilivyovunjika. Methali isemayo kwamba mfinyanzi hulia gaeni hutumiwa kumsikitikia fundi asiyefaidi kazi yake mwenyewe, lakini nadhani aliyeitunga kwanza alikuwa amehudhuria joko lililoharibika.

Watu waliozoea vyombo vya dukani hudhani kwamba udogo wa joto la kuni ni kasoro, wakalinganisha na kauri ya Uchina iliyochomwa tanurini penye digrii 1,300 hivi. Ulinganifu huo hauna maana. Chungu kilichochomwa uwanjani kina vitundu vidogo visivyoonekana na chembe ngumu za mchanga, na hivyo ndivyo vinavyokiwezesha kustahimili kupashwa na kupoa kila siku juu ya mafiga. Bakuli la kauri likiwekwa hapo litapasuka kabla maji hayajachemka. Mtungi nao hutoa jasho kwa vitundu hivyo hivyo, jasho hukauka kwa hewa, na maji yaliyomo hupoa. Mfinyanzi wa Longquan alitengeneza chombo cha kulia na cha kutazamwa, wa pwani akatengeneza cha kupikia na cha kuwekea maji, na kila mmoja aliutumia moto uliomfaa.

Moto huacha alama zake katika kigae. Ukikivunja ukaona kingo nyekundu na katikati weusi, wajua kwamba uchomaji ulikuwa mfupi, na mabaki ya mimea katika udongo hayakuwahi kuungua yote. Mawaa meusi juu ya uso huonyesha mahali palipofunikwa na kuni hata hewa isipite. Uso uliokuwa mweusi wote sawasawa ni dalili ya kwamba chombo kilinyimwa hewa kwa makusudi. Alama hizi hazihitaji kusafirishwa wala kununuliwa. Zimo katika kila jaa la mji wa kale.

Basi kwa nini hazikusomwa mapema? James Kirkman alianza kuchimba Gedi katika mwaka 1948, na kitabu alichokitoa mwaka 1954 kilikiita mahali pale mji wa Waarabu. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi na kutoa matokeo yake mwaka 1974, aliyaita makundi ya kwanza ya vyombo vya kienyeji Vyombo vya Kale vya Jikoni. Jina hilo lasema mengi. Chombo cha kigeni kilipewa jina la nchi yake, cha kienyeji kikapewa jina la chumba. Tusiwadhulumu wataalamu hawa. Kirkman aliyapanga makundi ya vyungu vya Gedi kwa uangalifu, na Chittick vile vile, hata wale waliowapinga baadaye walitegemea kazi yao. Ila waliuliza kwanza meli zilitoka wapi. Hata alipochimba Manda, kazi aliyoianza mwaka 1966, Chittick aliona wingi wa vyombo vya Ghuba ya Uajemi na majengo yasiyo ya kawaida, akaamua kwamba mji ule wa karne ya 9 uliasisiwa na wahamiaji kutoka huko. Aliyekuwa akipika ndani ya mji hakuingia katika hesabu hiyo.

Mabadiliko yalianza mbali kidogo na ufuo. Katika mwaka 1967 Robert Soper alieleza juu ya vyungu vya Kwale, nyuma ya pwani ya kusini ya Kenya, kazi ya wakulima na wafua chuma wa karne ya 3 hivi baada ya Isa, na vyungu vya jamaa hiyo vilijulikana pia Usambara na Upare. Katika mwaka 1979 David Phillipson alitoa habari za vyungu vya bonde la chini la Mto Tana, vilivyofanana na vile vya matabaka ya kwanza ya miji ya pwani, na katika miaka ya 1980 George Abungu akaendelea na uchunguzi katika bonde lile. Nakshi yao yatambulikana kwa urahisi: mtungi wenye shingo, na shingoni au begani mstari wa pembetatu zilizokwaruzwa na kujazwa mistari ya mshazari.

Shanga, katika kisiwa cha Pate, ndiko jambo lilikodhihirika zaidi. Mark Horton alichimba huko baina ya 1980 na 1988. Alikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ule wa mawe juu ya ile ya miti, na ya kwanza kabisa ilikuwa midogo, ya miti na udongo, ya karne ya 8. Chini ya yote, na kando ya yote, vyungu vilikuwa vya kienyeji. Vilibadilika polepole katika umbo na nakshi tangu mwanzo wa mji mpaka ulipohamwa mnamo karne ya 15, lakini hapakuonekana mahali ambapo ufinyanzi mmoja ulikatika na mwingine mgeni ukaanza. Kama mji ule ungaliasisiwa na watu waliovuka bahari pamoja na jamaa zao, mtu angalitazamia kuona desturi zao za jikoni katika tabaka la chini. Kilichopatikana ni desturi za Waafrika waliokuwa wakifanya biashara, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuukubali Uislamu.

Felix Chami, Mtanzania, alitoa mwaka 1994 uchunguzi wake juu ya pwani ya Tanzania katika miaka elfu ya kwanza, akashikilia kwamba vyungu vyenye pembetatu vilizaliwa na vile vya Kwale, kazi ya watu wenye kusema lugha za Kibantu. Wengine waliokuwa wakichunguza kaskazini walitoa nafasi kubwa zaidi kwa wafugaji. Mabishano yale yalikuwa makali, na kila upande ulikuwa na jina lake: huku Desturi ya Tana, kule Vyungu vya Pembetatu. Kwa maoni yangu ugomvi wa majina ulichukua wino mwingi kuliko uliostahili. Lililo kubwa ni kwamba pande zote mbili zilikwisha kukubali kuianza historia ya pwani na mfinyanzi wa pwani. Abdurahman Juma, aliyechimba Unguja Ukuu, alikuta vyungu hivyo katika bandari iliyopokea vyombo vya Ghuba na vya Uchina. Vimepatikana Dakawa karibu na Morogoro, mwendo wa siku nyingi kutoka baharini. Vimepatikana Visiwa vya Komoro. Na upande wa kusini vimefuatwa mpaka Chibuene katika Msumbiji, kilomita zaidi ya 2,000 kutoka Lamu.

Hapa yafaa kuweka tahadhari, maana chungu nacho husafiri. Katika Ziwa Nyasa wanawake wa Kikisi, hasa wa Ikombe, wamekuwa mafundi mashuhuri kwa vizazi vingi, na vyungu vyao hupakiwa katika mitumbwi na kupelekwa Matema na masoko mengine ya mbali ya ziwa. Mchimbuzi atakayekuja kuchimba huko baada ya miaka elfu, akivikuta vyungu vya Kikisi katika vijiji vya watu wengine, asidhani kwamba Wakisi walivihamia vijiji vyote hivyo. Kwa nini basi tusiseme hivyo hivyo juu ya vyungu vya pembetatu?

Jibu limo katika kazi yenyewe. Nakshi ni jambo la macho. Mtu aweza kuiona sokoni, akaiiga nyumbani. Lakini kiasi cha mchanga, njia ya kuuinua ukuta, na uangalizi wa moshi havionekani katika chungu kilichokwisha kuuzwa. Havipatikani ila kwa kukaa miaka karibu na fundi, na fundi huyo mara nyingi ni mama, au mama mkubwa, au mama wa mume. Vigae vya kale vinapofanana katika mambo haya yaliyofichika, na udongo wake ukiwa ni wa mahali mbalimbali, kinachosafiri ni mfinyanzi mwenyewe wala si chungu chake. Mwanamke aliyeolewa mji wa mbali alikwenda na mikono yake. Alichimba udongo wa ugenini, akauzoesha kazi ya kwao, akawafundisha mabinti aliowazaa huko. Nasema mwanamke kwa sababu katika sehemu kubwa ya Tanzania na pwani yake kazi hii imekuwa ya wanawake, na mahali pengine mwanamume hakuruhusiwa hata kulikaribia joko. Si sheria ya Afrika nzima. Kwa Waganda wafinyanzi wamekuwa wanaume. Lakini kwa pwani yetu sioni sababu ya kudhani vinginevyo.

Ushahidi wa lugha waelekea upande huo huo, na wasomaji wa kurasa hizi wataupima kwa urahisi. Maneno ya moto na upishi ni ya asili ya Kibantu: kuni, moto, jiko, pika, chungu. Katika lugha nyingi za jamaa zetu chungu huitwa nyungu, jina ambalo Waswahili nao hulitumia kwa chungu cha kujifukizia dawa. Kitenzi kuumba, ambacho kwetu kimepandishwa cheo hata kikawa kazi ya Mwenyezi Mungu, kwa Waganda ni kubumba, nao humwita mfinyanzi omubumbi. Wababemba nao husema kubumba kwa kufinyanga udongo. Sasa tazama vyombo vya kuandalia na kumiminia. Sahani ni neno la Kiarabu. Birika lilitujia kwa Kiarabu pia. Sinia nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni jina la nchi ya Uchina. Hata tanuri, yaani joko lililojengwa, ni neno la kigeni. Majina ya vyombo yameweka mpaka pale pale vigae vilipouweka, baina ya mafiga na jamvi.

Mpaka huo haukuwa ukuta. Kuanzia karne ya 11 hivi, huko Pemba na kwingineko, mchele uliongezeka katika mabaki ya vyakula, na mabakuli ya wazi yakaongezeka miongoni mwa vyombo. Watu waliketi kula pamoja, na mwenye nyumba alitaka wageni wayaone mabakuli yake. Kauri ilifaa sana kwa heshima hiyo, hata ikapachikwa katika kuta za misikiti na nguzo za makaburi, kama zile za Mambrui na Kunduchi. Wafinyanzi hawakukaa kimya. Walikwisha zoea tangu zamani kupaka mabakuli rangi nyekundu ya ngeu na kuyasugua mpaka yakang'aa, na sasa waliyaendeleza maumbo yaliyofaa kwa karamu. Wali uliopakuliwa katika bakuli la Longquan ulikuwa umepikwa katika chungu cha jirani, na bila ya chungu kile bakuli lingebaki pambo.

Katika karne ya 20 sufuria nyepesi za alumini ziliingia katika kila nyumba, ambazo hazivunjiki wala hazihitaji joko. Chungu kikabaki kwa samaki wa nazi, kwa dawa, kwa chetezo cha ubani, na kwa maji ya kunywa nyumbani mwa wale wasioipenda ladha ya ndoo. Matema vyungu vya Kikisi vingali vikiuzwa. Kilichopungua upesi zaidi ni maneno. Makamusi ya zamani yameweka joko, na bungu, na kuzi, na mkungu wa kulia, na mkungu wa kufunikia. Kijana wa leo ukimtajia mkungu atauliza kama ni wa ndizi. Yafaa wanafunzi wa lugha na wanafunzi wa mambo ya kale wafuatane kwa wafinyanzi waliosalia, wakae nao tangu udongo unapochimbwa mpaka majivu yanapopoa, na waandike jina la kila kifaa, kila kasoro na kila rangi ya moshi, kama litajwavyo na mwenye kazi.